Miezi Miwili na Siku Tisa

Canberra wamepiga kura, wamekwenda kulala.
Huku kwetu, kilomita mia nne toka taa ya kwanza ya barabarani,
binti yangu Tamsin ameketi jikoni,
vidole vimetulia mezani
kama vijiko vilivyokwisha kuoshwa.

Hasikii tangu kuzaliwa.
Maneno yake yamo mikononi,
na waliomwelewa walikuwa wanne:
mmoja Hobart, wawili Perth,
mmoja sijui wapi, lakini alikuwa mcheshi.
Usiku vivuli vya soga zao vilijaa ukutani.

Sheria ikasema: hujatimiza kumi na sita.
Bado miezi miwili na siku tisa.
Kamera ikampima uso, ikamwambia ana kumi na mmoja.
Binamu yake Fergus, miaka kumi na mitatu, ndevu zimemwahi,
ikampa ishirini na miwili,
ikamfungulia mlango.

Nilimwandikia mbunge.
Mimi ni mkata manyoya ya kondoo, herufi zangu zina matege.
Sikukana kwamba mle simuni mna nyoka.
Nyasi zetu nazo zina nyoka:
tulimvisha buti, tukamfundisha kutazama anapokanyaga,
hatukumfungia ndani mpaka aote magego ya mwisho.

Nikajibiwa: Asante kwa maoni yako.

Jioni hii Tamsin ametoka uani.
Anamsimulia mbwa jambo refu, kwa mikono miwili,
anarudia pale penye utamu.
Mbwa amekaza macho, mkia hautulii.

Anadhani atarushiwa mpira.