Karatasi

Miaka kumi na tisa Odile Pelkey alitengeneza karatasi
huko Maine, ukingoni mwa mto wenye magogo.
Alijua kwa kidole tu
ipi imelewa maji, ipi itakatika
kabla ya kufika kwenye roli.
Kisha, Jumanne moja, kiwanda kikazimwa,
na ile harufu ya kiberiti, iliyokuwa harufu ya mshahara,
ikaondoka na upepo.

Sasa karatasi zimemgeukia.
Zimekaa mezani kati ya chumvi na dawa za mavyaa wake,
zinahoji:
Kipato chako mwaka juzi?
Mwaka juzi alikuwa nacho. Ndiyo maana wamemnyima.
Wazazi wako watachangia kiasi gani?
Ana miaka arobaini na nne.
Wazazi wake wamelala chini ya theluji nyuma ya kanisa,
hawachangii kitu,
labda hili taya lisilokubali.

Basi anapiga hesabu nyuma ya bahasha ya umeme.
Fedha za serikali kwa waliofungiwa viwanda:
mihula miwili. Uuguzi ni minne.
Hospitali ya bondeni italipa nusu
akijifunga miaka mitatu ya zamu za usiku;
mkataba huo ameuchungulia kama kisima.
Chama cha wafanyakazi, au kilichobaki,
yaani Thurlow na kisanduku chake cha bati,
kimetoa dola mia tatu na kumi
na stethoskopu ya mtu aliyeacha chuo.
Pikipiki ya theluji ya marehemu Rosaire
imeondoka jana juu ya gari la mtu mwingine.
Hakutoka nje kuiaga.

Haba na haba, ndiyo,
lakini kibaba hiki kina tundu:
sare, vitabu, chanjo, ada ya kuomba kusamehewa ada.

Saa tano usiku Florine anaita kutoka chumbani.
Odile anakaa kitandani, anashika kifundo chake cha mkono,
ngozi nyembamba, yenye unyevu kidogo,
na kidole kilekile kinatafuta,
kinapotea,
kinapata.
Sabini na nane. Mdundo mmoja umerukwa.
"Unanihesabu kama pesa," bibi kizee ananung'unika.
"Pesa zilishaisha, Mama. Nyamaza, nianze upya."

Baadaye anauinua mkataba kwenye taa.
Mbao laini. Gramu sabini na tano.
Si yetu hii, anasema,
halafu anatia sahihi polepole,
asije akaitoboa.