Uwezekano: Wastani

Saa nane za usiku, zamu yangu,
kimbunga kilikuwa doa jekundu mashariki ya Mafia,
kimejikunja kama jongoo aliyeguswa.
Mgandamizo mia tisa themanini na nne, unashuka.
Upepo mafundo hamsini na tano.
Kilishapewa jina huko mbali: Lorita.
Sisi tuliachiwa kazi ya kumtangaza mgeni
asiyesema atalala kwa nani.

Nikaandika nilivyofundishwa, bila chumvi:
mawimbi yanayozidi mita mbili,
Dar es Salaam, Pwani, Lindi na Mtwara.
Athari: kubwa. Uwezekano: wastani.
Neno hilo nililitazama mpaka chai ikapoa.
Nani amewahi kukimbia kwa sababu ya wastani?
Nani amewahi kulala fofofo juu yake?

Asubuhi boti za Unguja zilifungwa gatini.
Watu wamekalia mabegi.
Bwana harusi mmoja, suti yake ndani ya nailoni,
anamweleza bahari kwa simu mkwe asiyeamini.
Pantoni ikasita, ikaenda, ikasita.
Sokoni Feri, bei ya changu ilipanda
kabla wimbi halijapanda.

Nikarudi Kigogo, bondeni, nikalale.
Mama Shangwe hakuniuliza Lorita ni nani.
Aliuliza: "Nibebe au nisibebe?"

Mwaka ule Msimbazi ulimfikia kwenye swichi ya taa.
Alama ipo ukutani, rangi ya chai ya maziwa;
amepaka chokaa mara tatu, inarudi.
Ningemwambiaje wastani?
Nikasema: "Beba."

Akabeba. Godoro la tano kwa sita, inchi nane,
alilomaliza kulilipia Februari,
juu ya mkokoteni wa Hamduni mpaka Magomeni kwa binamu yake,
na cherehani, na masufuria,
na vyeti vya watoto ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Usiku huo, zamuni tena, nililiona jicho likifumba.
Si ghafla.
Kama mtu anayesinzia katikati ya ugomvi.
Hewa kavu ilimwingia ubavuni, mawingu yakachanika.
Arobaini. Thelathini.
Alfajiri Lorita alikuwa manyunyu tu
juu ya maji yasiyo na mtu.
Nikasema alhamdulillahi, kisha nikaona aibu,
sijui ya nini.

Jua likatoka kama lisilo na habari.
"Mtabiri! Mvua yako umeiweka mfukoni?"
Kinyozi Mbaruku alinifungulia mwavuli
ndani ya kibanda chake.
Nikacheka nao. Kicheko cha mdaiwa.

Maana godoro halikurudi.
Binamu aliliacha barazani usiku mmoja tu,
na mwizi wa Magomeni hasikilizi utabiri.

Mama Shangwe hakunilaumu; hilo ndilo lililonikata.
Alitandika mkeka, akaendelea kushona sare za shule.
Mwisho wa mwezi nikampelekea elfu thelathini,
mwezi uliofuata ishirini, mambo yakiwa magumu.
Alizipokea bila kuhesabu,
akazisukuma chini ya cherehani.

Sasa ni Aprili nyingine.
Kuna doa jipya kaskazini ya Madagaska, halijapata jina.
Nimetoka zamu, viatu mkononi kwa tope.
Yuko mlangoni, na nyuma yake godoro jipya
ambalo hajalivua hata nailoni.
"Nibebe au nisibebe?"

Hewa nzito. Kunguru kimya.
Ile alama ya ukutani inanitazama usawa wa kifua.
"Wastani, mama," nikasema. "Safari hii nakwambia kama lilivyo.
Wastani."

Alinikazia macho
kama anavyoukazia uzi kabla ya kuutunga sindanoni.
Kisha akapaza sauti kuelekea barabarani:
"Hamduni! Lete mkokoteni.
Safari hii nakwenda kulala juu yake hukohuko."