Gramu Mia Tatu

Kadi ya kwanza ilitoka inang'aa. Nikaikunja,
na wino ukabaki kidoleni mwangu:
chembe za bluu, na herufi mbili
za jina la bibi harusi.
Nikapuliza. Zikapeperuka
kama gamba la kidonda kilichokwisha kupona.

Saa tatu usiku, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani.
Chini, muuza mishikaki anamwagia maji makaa yake.
Juu, mimi na mashine na kadi mia nne
ambazo Bi Mwanahija atazifuata kesho kabla ya adhuhuri.

Mji wetu una msemo wake: waja leo, waondoka leo.
Nilidhani wasemwa wageni.
Kumbe na wino.

Nikampigia Singano, fundi. Alikuwa Korogwe,
nyuma yake mtoto analia, sahani zinaoshwa.
"Karatasi ni ya gramu ngapi?"
Mia tatu.
"Na mashine umeiambia ngapi?"

Nikanyamaza.

Maana nilikuwa nimeidanganya.
Kwenye kioo nilibonyeza *karatasi ya kawaida*
ili ikimbie, nimalize, nikalale.
Nayo ikaniamini, maskini.
Ikaipitisha kadi nene kwenye rola ya moto
kama mtu anayempa mfiwa mkono wa pole
huku anatazama saa.
Joto likagusa ngozi, halikufika nyamani.

Nikatubu kwa kidole: *nzito*. Kisha *nzito zaidi*.
Mashine ikashusha pumzi. Ikangoja rola ipate moto,
ikaanza kutoa moja,
                                    moja,
kwa mwendo wa bibi harusi.

Sasa wino umeng'ang'ania, nakwaruza kwa ukucha hautoki.
Lakini ile bluu! Mabaka matupu,
kama ukuta ulioonja chumvi.
"Bunda ulilifungua lini?"
Jumatatu.
"Ukaliacha wapi?"
Dirishani.
Singano akacheka mpaka mtoto akanyamaza.
Siku tatu karatasi imekunywa upepo wa bahari,
imepinda kama kigae, imelowa bila kulowa,
unataka ipokee rangi kwa mdomo gani?

Karatasi hamsini nikaziweka kando, hasara yangu mimi.
Nikafungua bunda jipya, nikafunga dirisha, nikatoka jasho.

Jaribio la tatu: rangi imetulia. Nikaikunja,
na kwenye mkunjo, kra, ufa mweupe.
Safari hii sikupiga simu.
Baba yangu alikata mkonge Ngomeni miaka kumi na tisa,
akarudi na viganja vilivyojaa miiba na neno moja:
nyuzi zina upande wake, usibishane nazo.
Nikaigeuza karatasi kwenye trei.
Nikaikunja ya nne. Ikalala kama shuka.

Alfajiri zilikuwa mia nne, na mbili za akiba.

Bi Mwanahija alikuja saa nne, na miwani yake na mkoba wake.
Akahesabu kwa mate ya kidole. Akaridhika.
Halafu akaiona ile ya tatu, juu ya meza,
nilikuwa nimeegemezea kikombe.

Mkunjo ulikuwa umepita juu ya mstari wa kwanza
ukabandua neno moja tu.
Akasoma taratibu, kwa sauti, kama anayesomewa:
*Familia ya*
        (hapo peupe)
*Hatibu Kiango wa Chumbageni inayo furaha*

Akarudia. Familia ya Hatibu Kiango.
Kidole chake kikapapasa pale palipokuwa na *Marehemu*.

"Na hii umenihesabia?"
"Hiyo mbovu, mama. Hiyo ya kutupa."
"Nipe."

Nikatafuta bahasha, sikuipata ya kuitosha ikiwa wazi.
Nikamwambia aikunje tu, itaingia.

Akanitazama.
Akaitia mkobani ilivyo, pembe moja ikachungulia nje,
akashuka ngazi ameukumbatia mkoba kwa mikono miwili.