Wino Mwekundu

Umeme umekatika Mtaa wa Aggrey.
Kwenye meza ya cherehani, Zamoyoni anapanga kete;
farasi mmoja alipotea zamani,
kizibo cha soda kinashika zamu yake.

Daftari la marehemu kaka yake lina mchezo wote,
wa mabwana wawili waliokufa redio haijafika.
Askari wa mfalme, nyumba mbili mbele.
Mweusi naye vivyo hivyo, kama mtu aitikiaye hodi.
Kisha mweupe anamtoa askari wa pili, bure,
na pembeni kaka kaandika: chambo.

Twende polepole, anasema. Tochi ya simu inatetemeka.
Hatua ya kumi na saba malkia anajitosa,
na kaka, kwa wino mwekundu: hapana dawa.

Zamoyoni anarudisha kete. Mara tatu.
“Na asipomla malkia? Akisogeza ngome tu?”
Tunajaribu.
Mfalme mweusi anapumua.
Tunajaribu kwingine: bado anapumua.

Miaka tisa ameuamini wino ule.
Hacheki. Anachukua penseli ya kukatia suruali,
anasita juu ya mwandiko wa kaka,
halafu chini yake, kwa herufi ndogo,
anaandika: ipo.