Sikudhani Anaulizwa Maoni

Juu ya duka la kufulia nguo, Barabara ya Beverley, mjini Hull,
sakafu yangu ina joto la bure hadi saa tatu usiku.
Mashine za chini zikinyamaza navaa soksi za pili,
naiegemeza simu kwenye kopo la sukari,
naanza kuuza maoni.

Jina langu Sikudhani.
Bibi alinipa kwa kuwa mama alikuwa na miaka arobaini na mitatu
na hakuna aliyedhani.
Sasa kila usiku Waingereza wananiuliza: unadhani nini?
Unadhani nini kuhusu kifuniko kipya cha mtindi?
Kwa kipimo cha moja hadi saba,
ungempendekezea rafiki dawa hii ya kusugulia choo?

Dawa hiyo naijua kwa viganja.
Vyoo kumi na vinne kwa siku, jengo la bima, ghorofa tatu.
Nilitaka kuwaambia inababua, harufu yake unalala nayo.
Nafasi ilikuwa ya herufi hamsini.
Nikabonyeza sita.

Wiki za mwanzo nilisema kweli, na kweli haikulipa.
Una gari? Sina. Bustani? Sina.
Mnyama wa kufuga? Sina.
Samahani, hufai kwa utafiti huu.
Dakika kumi na mbili zimekwenda, wameshajua umri wangu, mshahara,
kodi ya chumba, na kwamba usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.
Samahani, na mlango.

Mkono mtupu haulambwi.
Basi nikafuga paka.

Nikamwita Tarishi. Wa kijivu, miaka minne,
samaki wa kopo hamtaki, anataka bata mzinga kwenye mchuzi.
Tarishi akaniletea peni sitini, kisha pauni na robo.
Akahitaji bustani, nikampa.
Bustani ikahitaji mashine ya kukatia majani,
mashine ikahitaji wa kuisukuma:
nikaolewa na Desmond, mhandisi, hanywi kahawa baada ya adhuhuri.
Tunafikiria kubadilisha jiko.
Tunafikiria Ureno, mwezi wa tisa, paa likisubiri.
Siku nyingine natoka kazini mvua ikinichapa ubavuni
na ninawaonea wivu.

Wana maswali ya mtego:
kuonyesha kuwa unasoma, chagua Sikubali Kabisa.
Nachagua Sikubali Kabisa.
Siku nzima nalisema hapo tu neno hilo,
na nalipwa.

Haba na haba, sawa,
ila kibaba cha watu hawa hakifunguliwi
mpaka zitimie pauni kumi.
Nilikuwa na tisa na peni sitini na tano.
Kumi ni vifurushi vya simu vya Mwinjuma, mwanangu, yuko Muheza kwa dada,
ambaye akikosa salio hunyamaza kama aliyesusa.

Jumapili ukaja utafiti wa peni arobaini.
Haukuuliza paka.
Katika siku saba zilizopita, umekula peke yako mara ngapi?
Ukiugua usiku, kuna wa kumwita?
Lini mara ya mwisho mtu alikutaja kwa jina lako?

Kidole kikasimama.
Desmond alikuwa na majibu tayari: mara chache, ndiyo, leo asubuhi.
Ningemwachia, mzoefu yule.
Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza hayo,
si msimamizi, si jirani, si daktari anayetazama saa,
na swali, hata likitoka kwa mashine, ni swali.
Nikajibu: zote. Hakuna. Sikumbuki.

Una la kuongeza?
Kisanduku hicho hakikuhesabu herufi.
Nikaandika kwa Kiswahili, nikaandika
hadi vidole vya miguu vikafa ganzi,
nikakiri hata habari ya Tarishi.

Asante. Maoni yako ni muhimu kwetu.
Pauni kumi na peni tano,
zitatumwa baada ya siku tano za kazi.

Simu haijapoa, ukaingia mwingine:
chakula cha paka, peni themanini.
Saa sita kasoro, chumba kama jokofu.
Nikamwita Tarishi.