Pambizo

Baukje Terpstra alipanda ngazi zangu mwezi wa Februari
na buti zenye matope hadi magotini,
akakunjua ramani juu ya meza ya kukatia.
Karatasi ikajikunja tena; nikaikandamiza kwa rula, kikombe,
na kitabu cha mtu mwingine.
"Miaka tisa," akasema. "Nitolee kitabu humu."

Chini yetu fundi baiskeli aligonga rimu.
Nikatazama: mfereji walionyoosha babu zao kwa kamba
sasa unapinda, kama ulivyopinda zamani
kabla mtu hajaamua maji yawe na haraka.

Yeye ni msanifu wa mandhari, mimi wa kurasa.
Neno ni moja, na lina jino ndani:
kumsanifu mtu ni kumsifu huku unamcheka.
Nami nilimsanifu kidogo. Nilipanga maandishi yake
safu mbili, nyembamba, zimebanana kama viazi guniani,
maana Roorda mchapishaji alikwisha piga hesabu:
kurasa mia tisini na mbili, mikunjo kumi na miwili,
usizidi hata unyoya.
"Weupe," husema Roorda, "mnunuzi haulipii.
Mimi naulipia kwa kilo."

Baukje hakukasirika. Alichukua penseli yangu
akafuata kwa ncha ule ufa mweupe
ulioteremka kati ya maneno, mstari hadi mstari,
pale nilipoyalazimisha yafike ukingoni.
"Huu ni mto," akasema.
"Umeziba njia yake, umejitafutia nyingine."

Miaka ishirini nimeiona mito ile
nikailaumu mashine.

Jumamosi tukaenda kwa baiskeli, upepo kifuani,
nje ya Leeuwarden, hadi barabara ikaishiwa na lami.
Akanionyesha ukanda wa mita kumi na sita
baina ya mfereji na shamba:
nyasi, kinyesi cha bata bukini, basi.
"Hapa sikupanda kitu. Mkutano mzima ulinicheka,
eti nalipwa kwa kutofanya kazi.
Desemba maji yalikuja usiku, yakapanda,
yakalala hapa, alfajiri yakaondoka.
Hakuna aliyeamshwa."

Nikarudi nikavunja safu.
Nikabakiza moja, na pambizo la nje
nikaliachia upana wa dole gumba na ukucha juu yake.
Maandishi hayakuenea, ungetegemea nini?
Nikampigia simu. Kimya; kisha mkwaruzo wa penseli.
Akafuta dibaji yake nzima, kurasa saba,
na sura ya tuzo alizopewa.
"Ile futa," akasema. "Ni mimi najipigia makofi."
Roorda alihesabu mara mbili, akatia sahihi
kama mtu anayelipa faini.

Ramani kubwa ndiyo iliyonikosesha usingizi.
Ukiilaza kurasa mbili, mgongo wa kitabu unameza katikati.
Nikaisogeza milimita tatu, nne, nikairudisha mbili.
Nikaliokoa daraja. Mtaro nao nikauokoa.
Kitu fulani lazima kizame;
sikuuliza ni cha nani.

Septemba tukampelekea nakala Tjalling,
ambaye ukanda ule ulimegwa kwenye ardhi yake.
Alikuwa ametoka kukamua, mikono ameinawa nusu.
Alikifungua juu ya meza ya jikoni,
dole gumba likatua pambizoni,
likaacha alama, udongo na maziwa,
bila kugusa hata herufi moja.
Baukje alinitazama. Nikajidai sikuona,
ingawa moyo ulinipanda hadi kooni.

Tjalling akavuta miwani.
"Daraja lipo. Mtaro upo. Na malisho yangu ya kaskazini?"
Akakitanua kitabu hadi gundi ikalia,
akachungulia mgongoni
kama anayechungulia kisima.
"Ng'ombe wangu watatu," akasema,
"mmewatia humu."