Kabati la Nives

Upepo wa Trieste jina lake Bora,
na ubora wake ni kuvunja miavuli.
Ndio uliomsukuma kijana wa nguo za kale
hadi ghorofa ya tatu, kwa Nives Pertot,
pua nyekundu, tepu ya kupimia shingoni.

"Hili koti?"
"Sufi. Kijani cha chupa. Vifungo vya pembe,
kimoja si ndugu wa wenzake:
chake kilidondoka kwenye tramu ya Opicina,
nikakopa kwenye koti la baba, naye akiwa kaburini."
Kijana akaandika: kasoro, kifungo kimoja.

Gauni la madoadoa alilibeba begani
kama abebavyo mtu mtoto aliyelala.
Alilivaa usiku alioachwa
na bwana ambaye sura imemtoka kichwani.
Zipu haijamtoka.
Ilikwama katikati ya mgongo,
dada yake Zora akaipaka sabuni,
wakacheka hata wakachelewa kwenda kuachwa.

Euro mia mbili na kumi. Hakubishana.
Vipande kumi na kimoja vikakunjwa, vikatiwa mfukoni.
Sketi ya kijivu akaivuta, akairudisha.
"Hii haiuzwi?"
"Inanibana mwaka wa thelathini huu.
Iache inibane."

Mlango ulipofungwa, Bora ukapenya chini yake,
henga tupu zikaanza kugongana,
zikisengenya.
Nives akaipandisha sketi
hadi pale zipu ilipogoma,
akaishikilia kwa mkono mmoja,
akaenda jikoni kutafuta sabuni.